Gemu niliyoisema vibaya kabla sijaisikiliza

Triangle Strategy ilitoka mwezi wa tatu 2022 na wakati huo mimi hata Switch, ile mashine ya gemu ya Nintendo, sikuwa nayo, ila rivyu zake nilisoma kila niliyoipata, maana hizi gemu za kijapani za mikakati zenye hadithi ndefu nazipenda tangu nipo chuo, nilianza na Final Fantasy Tactics kwenye PSP ya kuazima na tangu hapo gemu yoyote yenye ramani ya miraba na watu wanaosalitiana mimi naifuatilia. Kwahiyo nilijua mambo yake mengi kabla ya kuishika. Nilijua imetengenezwa na Square Enix pamoja na Artdink, timu ileile ya Tomoya Asano iliyotoa Octopath Traveler 2018, nilijua wahusika wake ni wale wadogo wa vidotidoti kama gemu za zamani lakini wamewekwa kwenye mandhari yenye mwanga na kina, nilijua wahakiki wameipa wastani wa 80 na kitu kati ya 100. Na kosa lake nilikuwa nalijua pia. Kila mmoja alikuwa anarudia jambo lilelile, hadithi nzuri, mapigano mazuri, lakini maneno yamezidi, mwanzo unajivuta, na sauti za kiingereza zimepooza.

Basi hiyo "lakini" ndo niliyobaki nayo kichwani. Sifa zote zikaniponyoka.

Mwishoni mwa 2023 binamu yangu anayefanya kazi Muscat alikuja likizo akaniachia Switch Lite yake na kadi tatu za gemu, moja wapo ndo hiyo. Nikaicheza masaa matano hivi. Na kwakweli nikaona kilekile nilichoambiwa nitakiona: unapigana na majambazi bandarini, halafu maneno, mchumba amewasili, maneno, watu wanatambulishana, unaonyeshwa ramani, unaenda mji mkuu kwenye mashindano, unapigana kidogo, maneno tena. Usiku uleule nikaandika kwenye grupu letu la WhatsApp la wapenda gemu, ujumbe mrefu, nikasema hiki ni kitabu kilichovalishwa nguo za gemu na mtu asipoteze hela yake. Watu wakaweka dole gumba. Wawili waliokuwa wanajichanga kuinunua wakasema basi, hela wanaipeleka kwingine.

Ule ujumbe bado ninao na nikiusoma kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna sentensi hata moja iliyokuwa yangu. Nilikuwa nimeangalia masaa matano ya gemu kupitia macho ya watu wengine halafu nikasaini jina langu chini.

Sasa ilikuwa ni kile kipindi cha mgao wa umeme, wanaokumbuka wanakumbuka, unakatika saa kumi na mbili jioni na kurudi haijulikani. Shule zilikuwa zimefungwa (mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, na mdogo wangu alikuwa anaenda kuanza kidato cha tatu) kwahiyo sote tupo nyumbani Bagamoyo kwa mama, tivii haiwaki, tamthilia ya mama imekatika katikati, na kitu pekee chenye chaji ndani ya nyumba ni ile Switch Lite. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo pembeni ya taa ya sola. Akaniuliza, "We kila siku unasoma nini humo kwenye hicho kidude?" Maana alishaona sichezi, nasoma. Nikamwambia ni hadithi ya falme tatu zinazogombana. "Zinagombania nini?" Nikamwambia chumvi na chuma.

Akaacha kuchambua. "Chumvi?"

Mama yangu alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi tangu hajaolewa, hapahapa Bagamoyo. Akaniambia nisome kwa sauti, na nisome kwa Kiswahili.

Hapo ndo nilipoanza upya, mwanzo kabisa, kwenye faili mpya. Skrini ya Switch Lite ni ndogo na maandishi yake ni madogo zaidi, mama hayaoni, mdogo wangu kiingereza chake hakitoshi kwa lugha ile ya kikabaila ya mabwana na watumishi, kwahiyo kila boksi la maneno lililotokea mimi nalisoma kimoyomoyo, nalitafsiri, nalitamka, wanauliza, najibu, ndo nabofya. Sauti nikaziweka za kijapani maana gemu inakuruhusu kuchagua, na hapo nikagundua wahakiki walikuwa na haki kabisa kuhusu zile za kiingereza, Serenoa, mhusika mkuu, kwa kiingereza anaongea kama anasoma tangazo la msiba wa mtu asiyemjua, kwa kijapani hata mama ambaye hajui neno moja alikuwa anasema "huyu kakasirika huyu, anajikaza tu".

Sijui nieleze vipi tofauti iliyotokea. Maneno yaleyale niliyoyabofya harakaharaka wiki mbili nyuma nikitafuta yaishe, saivi yalikuwa ndo chakula chenyewe. Mama akawa anawashika watu kuliko mimi. Kuna bara linaitwa Norzelia, miaka 30 nyuma walipigana vita, kwa kiingereza inaitwa Saltiron War na mimi nikaiita Vita vya Chumvi na Chuma, na hayo maneno mawili jinsi yanavyoanzana kwa Kiswahili nilijisikia raha kama niliyaokota barabarani. Hyzante wana chumvi, wamekaa kwenye ziwa la chumvi na wanaihubiri kwamba ni zawadi ya mungu wao wa kike. Aesfrost huko kaskazini kwenye barafu wana chuma. Glenbrook wapo katikati na mto wao wa biashara. Serenoa ni kijana aliyerithi ukoo mdogo wa Wolffort chini ya Glenbrook, ameozeshwa Frederica wa Aesfrost ili amani ishikane, na amani haikushikana.

Tafsiri nayo ilinifundisha kitu. Gemu nzima imejengwa juu ya neno moja, conviction, kuna mpaka mizani inaitwa kwa jina hilo. Mwanzoni nikaitafsiri "imani", mama akachanganyikiwa maana Hyzante nao wana imani yao ya dini, akadhani Serenoa ameshahamia dini yao. Nikajaribu "dhamira", mdogo wangu akasema hilo ni la kwenye mtihani wa riwaya. Tukaishia kwenye "msimamo", na likakaa. Mizani ya Msimamo. Misimamo yenyewe ipo mitatu, nikaiita manufaa, utu na uhuru, na kila unachojibu watu kinaongeza mmoja wapo kimyakimya, ukicheza mara ya kwanza hauonyeshwi hata namba, unaambiwa tu kuna kitu kimeongezeka ndani yako. Namba zinaonekana ukirudia gemu. Hili jambo kwenye rivyu nilizosoma lilipewa mstari mmoja, wakati kwangu ndo roho ya ile gemu, kwasababu bila namba huwezi kujibu ili upate pointi, unajibu kwasababu ndivyo unavyoona.

Sasa niwaambie habari ya Roland maana hapo ndo gemu ilipotushika sote watatu.

Aesfrost wamevamia Glenbrook, mfalme ameuawa, mtoto wake Roland amekimbilia kwa Serenoa, rafiki yake. Jeshi linakuja mlangoni, limeongozwa na jenerali mmoja mwanamke anaitwa Avlora ambaye hauna ubavu wa kusimama naye, na ujumbe ni mmoja, mtoeni Roland la sivyo tunaingia. Hapa gemu haikuachii wewe kama mkuu uamue. Inaweka ile mizani katikati, na watu saba wa karibu wa Serenoa kila mmoja anaweka sarafu yake upande anaoutaka. Serenoa mwenyewe hapigi kura. Kazi yake ni kuzunguka kabla, kuongea na watu, kusikia habari, halafu amfuate mmojammoja amshawishi, na kuna majibu ambayo hayafunguki mpaka uwe umeshaongea na mtu fulani huko nje ukajua jambo fulani.

Mdogo wangu akasema mtoeni. Akasema kama Benedict, yule mzee msimamizi wa nyumba, kijiji kizima kife kwa ajili ya mtu mmoja? Alikuwa anaongea kwa hasira kabisa, amesimama. Mama akasema mtu akishaingia ndani kwako amekimbia, huyo ni wako, humtoi. Wakabishana pale nusu saa nzima, mimi nimeshika gemu haisongi, betri inaenda, na wala sikuwa na haraka. Halafu mama akauliza swali ambalo sijaliona kwenye rivyu yoyote mpaka leo.

"Na wanakijiji wameulizwa?"

Nikamwambia hapana, wanapiga kura hawa saba tu.

"Sasa wanaofia ni wanakijiji, wanaopiga kura ni wakubwa."

Nilikaa kimya. Mimi ni mtu niliyesoma makala ngapi sijui zinazoisifia ile mizani kuwa ni demokrasia ndani ya gemu, na sikuwahi kuliwaza hilo. Na ni kweli, ule ni udhaifu wa gemu hii, udhaifu wa kweli, mkubwa kuliko wingi wa maneno: watu wa chini wapo kama chanzo cha habari, unaongea nao uchukue neno la kwenda kumshawishi mkubwa mwingine, na sarafu hawana.

Tulimlinda Roland. Mdogo wangu alikubali shingo upande baada ya kura kuhesabiwa, akasema poa, tupigane.

Pambano lile ni ndani ya kijiji chenyewe cha Wolffort na kuna mitego ya moto imetegwa, ukiiwasha nyumba zinawaka na adui anaungua nazo. Inarahisisha sana. Mama akasema msichome, nyumba za watu hizo. Tukapigwa mara ya kwanza, tukapigwa mara ya pili, uzuri wake ukipigwa uzoefu wa wapiganaji wako haupotei kwahiyo unarudi na nguvu kidogo zaidi. Mara ya tatu tukapanga vizuri, Erador mwenye ngao tukamziba kwenye njia nyembamba awaite maadui wamfuate yeye, Jens fundi akaweka ngazi tukapanda juu ya mapaa, Hughette na mwewe wake akakaa juu kabisa anarusha mishale, maana kwenye hii gemu aliye juu anaumiza zaidi na anayepigwa mgongoni anaumia zaidi, na wakiwa wawili wamemweka adui katikati mmoja akipiga na mwenzake anaongezea bila kutumia zamu. Mdogo wangu ndo alikuwa anashika vitufe, mikono inatoka jasho, anaifuta kwenye kaptula kila zamu ya Avlora ikikaribia. Tulishinda bila kuwasha nyumba hata moja. Saa nane usiku. Mama alikuwa macho.

Hapo ndo nilipoelewa kwanini pambano linakaa mbali na pambano. Lile pambano ukiliondoa kwenye maneno yake ni ramani tu, gemu ya mikakati ya kawaida yenye moto na ngazi. Uzito wake wote umetoka kwenye ile nusu saa ya mabishano. Mtu aliyebofya maneno akapita anafika pale anawasha mitego, anashinda, anaandika kwamba mapigano mazuri ila maneno mengi. Na hadanganyi. Ndivyo alivyoiona.

Simlaumu mhakiki. Mhakiki anapewa gemu siku chache kabla haijatoka, hadithi ya masaa 30 na zaidi, yenye miisho minne, anatakiwa aimalize na aandike. Mtu anayekimbia lazima kila boksi la maneno alione kama tuta barabarani. Ninachokiona sasa ni kwamba wengi wao walikuwa wanasema ukweli kuhusu namna walivyoicheza, na mimi nikaubeba kama ukweli kuhusu gemu. Siku hizi nikisoma rivyu natafuta kwanza huyu mtu alicheza vipi, aliharakishwa, alikuwa peke yake, anapenda nini, alikuja akitafuta Final Fantasy Tactics mpya au alikuja mikono mitupu. Hiyo ya Tactics ni muhimu, maana rivyu nyingi zilikuwa zinaipima kwa gemu za mtunzi Yasumi Matsuno, Tactics Ogre ya 1995 na Final Fantasy Tactics ya 1997, na kule unajenga kikosi upendavyo unambadilisha mtu kazi mara kumi, wakati huku kila mhusika ana njia yake moja amezaliwa nayo. Ukiitafutia uhuru ule utakasirika, na nakubali kabisa, mimi mwenyewe niliukosa.

Halafu kuna jambo nililijua tangu zamani na sikulipa uzito. Walitoa demo, yaani kipande cha gemu cha kujaribia, mwezi wa pili 2021, mwaka mzima kabla, wakawaomba wachezaji maoni, wakayafanyia kazi, wakarekebisha ugumu, kamera, muda wa kusubiri kupakia. Yaani hawa ni watu wanaosikiliza. Maneno yakabaki. Kwahiyo maneno hayakusahaulika pale, yameachwa kwa makusudi, na kabla ya kutoka wakatoa demo nyingine ya sura tatu za mwanzo bure ambayo ukiipenda unaendelea nayo palepale ulipoishia. Mtu asiye na uhakika alikuwa anajaribu bila kupoteza hata senti. Wale wawili wa kwenye grupu ningewaelekeza tu huko badala ya kuwafungia mlango.

Mwanzo lakini unajivuta, hilo silifichi. Hata kwa mama, hata kwa Kiswahili, kuna usiku wa pili alisinzia kwenye utambulisho wa majina ya wakuu wa Hyzante, wapo saba na wote wanaongea kwa mafumbo.

Lakini kwa Waroselle mama hakusinzia. Hawa ni watu wenye nywele za pinki ambao Hyzante wanawafanyisha kazi ya chumvi kule ziwani, wamezaliwa humo na wanafia humo, na dini inasema wanalipa dhambi za mababu zao. Mama yake Frederica alikuwa wa damu hiyo. Tulivyofika sehemu wanaonyeshwa wakifanya kazi mama akaomba ashike gemu mwenyewe, akaisogeza karibu na uso, akaiangalia kwa muda. Halafu akainua mguu akatuonyesha kisigino chake. Kuna mistari mle, ipo miaka yote, mimi nilidhani ni uzee. Akatuambia maji ya bamvua yanaingizwa kwenye majaruba, yanaachwa jua liyakaushe, chumvi ikishashika unaingia na reki kuivuta uikusanye vichuguu, na miguu ikishapasuka chumvi inaingia kwenye mpasuko na kesho yake unarudi tena. Alikuwa analipwa kwa gunia. Hakuwahi kutusimulia hayo, mimi nina miaka 31.

Baadaye mnaulizwa muwatoe Waroselle kwa Hyzante au msimame nao. Pale hakukuwa na mabishano ndani ya nyumba yetu. Mdogo wangu, yuleyule wa manufaa, alishaanza kuzunguka kumshawishi kila mtu kabla sijamaliza kutafsiri swali.

Tulimaliza usiku wa tarehe 3 Januari. Mwisho tulioupata ni wa kumfuata Frederica, sitausema zaidi ya hapo kwa ambao hamjafika. Kesho yake asubuhi nikarudi kwenye grupu. Sikuufuta ule ujumbe wa zamani, niliujibu huohuo ili uonekane juu, nikaandika kwamba nilicheza masaa matano tu nikiwa peke yangu usiku baada ya kazi, nilikuwa nabofya kuruka, na nilichoandika nilikitoa kwenye rivyu za 2022. Nikaandika sasa nimecheza vipi, na nani, kwa lugha gani, na kwamba ukiwa unataka kupigana kila dakika kumi hii gemu itakuchosha na hautakuwa umekosea. Nikaandika na lile swali la mama. Mmoja wa wale wawili akauliza demo bado ipo, nikamtumia.

Mdogo wangu anataka kurudia. Amegundua mara ya pili namba za misimamo zinaonekana na wapiganaji wanabaki na uwezo wao, na anataka safari hii Roland atolewe aone itakuwaje, anasema ni lazima tujue upande wa pili, na kwa mtu anayetaka kuihakiki gemu yupo sahihi. Mama hataki. Tumemwambia ni hadithi tu mama, na ile ya kwanza ipo kwenye faili yake haifutiki.

"Mimi nilishaamua," anasema. "Hiyo yenu chezeni nikilala."